Hasheem Thabeet Hakufeli: Kipaji, Chuo na Karatasi Unayosaini

Haya niliyasema kwenye kikao cha vijana hapa Sumbawanga. Waliokosa nafasi wameniomba niyaweke kwa maandishi, nami nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Nimepewa dakika 15 nizungumzie vijana na sheria. Najua mkisikia sheria mnasubiri katiba mpya na tume huru ya uchaguzi. Hayo wapo wanaoyaweza kuliko mimi. Mimi leo naongea habari za mtu mrefu.

Mrefu kweli: mita 2.21. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, kazaliwa Februari 1987. Kikapu alianza kucheza akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao wenzake wa Marekani wana miaka kumi uwanjani. Alisoma Makongo, akapitia Kenya, akaishia Houston, Texas, kwenye shule ya Cypress Christian. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut.

Nasimama kidogo hapo kwenye "alianza akiwa na miaka 15". Huo ni mwaka 2002. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali yetu ndiyo iliyosimamisha UMISSETA na UMITASHUMTA, ikaja kuirejesha baadaye. Kwa hiyo Mtanzania pekee aliyefika NBA alikua kimichezo katika miaka ambayo michezo ya shule ilikuwa imefungiwa na wakubwa. Mkisikia kiongozi anajisifu kwa kijana fulani aliyefanikiwa nje, mumuulize kwanza yeye alichangia nini.

Na huku kwetu? Mimi nimesoma sekondari hapa hapa Ufipa. Goli la kikapu nililiona kwa macho yangu nilipofika chuo. Sekondari tulikuwa na uwanja mmoja wa mpira wa miguu, nusu yake imelimwa mahindi ya walimu. Msicheke, nanyi mmepita huko huko.

Turudi Connecticut. Hasheem alicheza misimu mitatu. Katika msimu wa 2008/09 wastani wake ulikuwa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mipira 4.2 aliyoizuia kwa kila mchezo. Timu ikafika nusu fainali ya taifa kule Detroit, ikafungwa na Michigan State. Viwanja vinajaa, tiketi zinauzwa, televisheni zinalipa. Mshahara wa Hasheem? Sifuri. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, NCAA, kilikataza mchezaji kulipwa. Alichopata ni ufadhili: ada, chumba, chakula, vitabu.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo sheria inapoingia. Miaka ile kanuni za NCAA ziliruhusu ufadhili wa mwaka mmoja mmoja tu. Ule wa miaka mingi uliruhusiwa tena mwaka 2012. Maana yake, kila mwaka chuo kinaweza kusema asante, hatukuongezei. Kijana katoka Dar, yuko maili elfu kadhaa na mama yake, goti lake ndilo mtaji wake wote, na karatasi aliyonayo mkononi ina uhai wa miezi kumi na miwili.

Mwaka 2009 aliondoka akiwa amebakiza mwaka mmoja wa kucheza. Kijiweni nimesikia watu wakisema alikuwa na haraka, angesubiri akomae. Jamani, tufanye hesabu. Upande mmoja kuna mwaka mwingine wa kucheza bure huku goti likihesabu siku zake. Upande wa pili, Memphis Grizzlies wanakuchagua namba 2 katika drafti nzima, mbele ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Stephen Curry aliyekuwa wa 7, kwa zaidi ya dola milioni 4 kwa mwaka. Nani hapa angebaki darasani? Inueni mikono. Naona hata Katibu hajainua.

Kilichofuata mnakijua, maana ndicho watu wanachokipenda kukisimulia. Mambo hayakwenda. Februari 2010 Memphis walimshusha kwenye ligi ya chini, akiwa mchezaji aliyechaguliwa juu kuliko wote waliowahi kushushwa mpaka wakati huo. Mwaka mmoja baadaye akapelekwa Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City. Mwaka 2014 NBA ikaisha kwake, na baada ya hapo akacheza Japani na Taiwan. Wachambuzi wa Marekani humweka kwenye orodha za waliochaguliwa kwa makosa. Na sisi tunazisambaza hizo orodha kwenye makundi yetu ya WhatsApp kana kwamba kuna Mtanzania mwingine aliyewahi kufika hata mlangoni.

Mimi naisoma historia hiyo tofauti. Alipokaa benchi Memphis, alilipwa. Aliposhushwa ligi ya chini, alilipwa. Mkataba wa mchezaji wa kundi lake, wale wa raundi ya kwanza, una miaka ya mwanzo iliyohakikishwa: ucheze vizuri, ucheze vibaya, fedha yako iko pale. Hiyo huruma haikutoka kwa matajiri wenye timu. Wachezaji wa NBA wana chama chao cha wafanyakazi kinachokaa mezani na wenye timu na kuandikiana makubaliano. Waliomlinda Hasheem ni wachezaji waliogombana na mabosi kabla yeye hajazaliwa. Ni kijana yule yule, miguu ile ile. Mei 2009 analindwa na karatasi ya mwaka mmoja, na miezi michache baadaye analindwa na mkataba wa mamilioni. Urefu haukuongezeka hata sentimita.

Kuna Mmarekani mmoja aliyeiona tofauti hiyo akiwa bado chuoni. Anaitwa Kain Colter. Alikuwa kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Kwotabeki, kwa wasiojua ule mpira wao wa helmeti, ndiye anayepokea mpira na kuamua uende wapi. Timu nzima inamsikiliza yeye. Colter alitaka kusomea udaktari. Alitoa ushahidi kwamba alizuiwa kuchukua somo la kemia kwa sababu liligongana na mazoezi, mwisho akabadili fani. Januari 2014 yeye na wenzake wakaomba kusajili chama cha wafanyakazi.

Chuo kikasema hawa ni wanafunzi. Machi 26, 2014 mkurugenzi wa bodi ya kazi katika kanda ile, Peter Sung Ohr, akaamua kuwa wachezaji wenye ufadhili ni waajiriwa. Sababu zake ni za kawaida kabisa, hata fundi wa Mtaa wa Majengo anazielewa: wanafanya kazi saa 40 mpaka 50 kwa wiki wakati wa msimu, kocha anawapangia hata muda wa kula, na wanachopewa ni malipo hata ukikiita ufadhili. Aprili wachezaji wakapiga kura. Masanduku yakafungwa kusubiri rufaa. Agosti 2015 bodi ya taifa ikakataa kulisikiliza suala lenyewe, na zile kura hazikuhesabiwa kamwe.

Naona mnatazamana. Ndiyo, hata Marekani.

Colter hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti. Lakini angalieni kilichotokea baada yake. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 9 kwa 0, ikaamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston. Mwezi uliofuata wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matangazo. Mwaka 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Ila Mtanzania atakayekwenda leo kwa visa ya mwanafunzi bado ana masharti ya kufanya kazi ambayo mwenzake Mmarekani hana. Mwenye ndoto hiyo aulize hilo kabla ya kuulizia nauli.

Nimechukua muda mrefu Marekani. Nirudi Nkasi.

Nina binamu yangu anacheza mpira wa miguu, winga, ana mbio hizo msiseme. Akiwa na miaka 16 alikuja mtu kutoka mji mwingine akajiita wakala. Akamsainisha karatasi moja, kwa Kiingereza, miaka mitano, "haki zote" za mchezaji ni za wakala. Nakala hakupewa; aliipiga picha kwa simu ya rafiki yake, ndiyo niliyoisoma. Shangazi akauza magunia ya mahindi apate nauli na "hela ya majaribio". Majaribio yenyewe yalikuwa siku mbili. Akarudi. Toka hapo kijana anaogopa kujiunga na timu yoyote, anaamini yule bwana atamshtaki.

Makamanda, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 11, inataka anayeingia mkataba awe ametimiza umri wa utu uzima, na kwetu ni miaka 18. Sheria hiyo tuliirithi kutoka ile ya India ya 1872, na kuna kesi ya mwaka 1903, Mohori Bibee dhidi ya Dharmodas Ghose, kila mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza ameikariri: mkataba wa mtoto ni batili tangu mwanzo. Ile karatasi ya binamu yangu haimfungi. Mwaka mzima kijana kaka nyumbani kwa kuogopa kitu ambacho kisheria hakipo.

Na huyo ni mmoja ninayemjua mimi. Laela wapo, Matai wapo, Namanyere wapo. Wacheza soka wana chama chao, SPUTANZA, lakini tuulizane wangapi humu tumewahi kukisikia kikija kwenye kata zetu.

Nina maombi mawili, Mwenyekiti. La kwanza, tunapoandika madai ya vijana wa mkoa huu kwa madiwani na wabunge, baada ya mbolea na ajira tuweke na hili: kila halmashauri iwe na mtu wa kumsomea kijana mkataba wa michezo kabla hajasaini, kwa Kiswahili, mzazi akiwa amekaa pale. Maafisa michezo wapo na wanalipwa, kwa hiyo tusiambiwe hakuna bajeti.

La pili ni kwenu. Mimi bado si wakili, ni mwanafunzi, lakini kusoma najua, na ninaye mwalimu wa kumuuliza nikikwama. Nipo Sumbawanga mpaka chuo kifunguliwe. Mwenye karatasi aliyosaini, au aliyopewa asaini, iwe ya mpira, ya muziki au ya kwenda kufanya kazi Uarabuni, ailete Jumamosi hapa ofisini saa nne asubuhi. Aje na nakala. Kama nakala hana, aje hivyo hivyo, tutaanza na kuidai.