Muhogo Bora Huanza na Kipandikizi Safi
Mazungumzo kwa wakazi wa Ngoingwa, Kaunti ya Kiambu



Mazungumzo ya leo ni ya muhogo, au mwanga, kama unavyoitwa kwa Kikuyu. Mjini Thika wengi huujua kama kitu cha kutafuna njiani: umechomwa au kukaangwa, ukatiwa pilipili na ndimu. Lakini kuanzia pwani ya Kenya hadi Kongo, muhogo ndio ugali na ndio akiba ya mwaka wa njaa. Mwaka 2022, pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ilipopita shilingi 200, kila familia ilijionea hatari ya kutegemea zao moja.

Hata hivyo, muhogo una udhaifu wake. Mkulima haupandi kwa mbegu, bali hukata shina. Jirani humkatia jirani vipandikizi juu ya ua, bila malipo. Ukarimu huo ndio ulioueneza muhogo, na ndio unaoeneza magonjwa yake. Virusi vikiwa ndani ya shina, kila kipande kinachokatwa huondoka navyo.

Magonjwa makubwa ni mawili, na yote huenezwa pia na nzi weupe. Batobato huonekana mapema: majani huwa na mabaka ya manjano, hujikunja na kudumaa. Michirizi ya kahawia ni laghai zaidi. Mmea unaweza kuonekana mzima, na mwenye shamba asijue lolote mpaka siku ya kuvuna, akipasua muhogo na kukuta umeoza ndani, mkavu na wa kahawia. Jasho la mwaka mzima huishia kutupwa.

Majirani wa Uganda wanakumbuka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka huko, na katika miaka ya 1990 ikavuka hadi magharibi mwa Kenya. Wilaya zilizotegemea muhogo zilikumbwa na njaa, na wakulima wengi wakaliacha zao hilo. Lililowarudisha shambani ni aina mpya zilizostahimili ugonjwa, mojawapo ikiitwa Migyera.

Asili ya aina hizo iko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara nchini Tanganyika, wataalamu H. H. Storey na R. F. W. Nichols waliuoanisha muhogo na binamu yake, mti wa mpira wa Ceara. Mizizi ya mti huo haifai kuliwa, lakini damu yake hustahimili virusi. Chotara waliopatikana walirudishwa kwa muhogo tena na tena mpaka mizizi ikawa ya chakula. Mradi ulifungwa mwaka 1957, lakini mbegu zilikuwa zimeshapelekwa Nigeria. Huko Ibadan, kuanzia miaka ya 1970, watafiti waliziendeleza, na uzao wake ukarudi Afrika Mashariki kuokoa mashamba ya Uganda.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mtafiti huchukua chavua ya ua moja na kuipaka ua jingine kwa mkono. Tunda moja hutoa mbegu tatu tu, na kila mbegu huota mmea tofauti. Maelfu hupandwa, wachache hubaki. Mpaka aina moja imfikie mkulima, huenda miaka 8 hadi 10 imepita. Nchini Kenya, kituo cha KALRO Mtwapa kimetoa aina kama Tajirika, Karembo na Shibe kwa ajili ya pwani.

Kwa Ngoingwa, neno hilo "pwani" lina uzito. Eneo la Thika liko takriban mita 1,500 juu ya bahari, na baridi huchelewesha muhogo. Aina inayokomaa haraka Kilifi inaweza kukawia hapa. Kabla ya kuleta vipandikizi kutoka mbali, mkulima amuulize afisa wa kilimo wa wadi ni aina gani inafaa, na kama ni tamu au chungu. Muhogo mchungu una sumu nyingi na hautoshi kuchemshwa tu.

Mashamba ya Ngoingwa yamegawanywa sana, lakini muhogo hauhitaji ekari. Kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1, ploti tupu ya futi 50 kwa 100 huchukua takriban mashina 460. Kipandikizi kiwe cha sentimita 25 hadi 30, chenye macho 5 au zaidi, kutoka mmea uliokomaa usio na dalili. Vipandikizi vya kununua vitoke kwa mzalishaji aliyekaguliwa na KEPHIS. Mmea ukionyesha mabaka mapema, ung'olewe na kuchomwa. Wakati wa kuvuna, mihogo ipasuliwe kwanza. Ikiwa na kahawia ndani, mashina yake yasipewe mtu.

Aina iliyoboreshwa hustahimili, lakini si kinga kamili. Watafiti wanaweza kuhangaika miaka 10, na kipande kimoja kigonjwa kikaharibu kazi hiyo kwa msimu mmoja. Basi kabla ya kumkatia jirani, mwenye shamba aukague kwanza mmea wake. Huo nao ni ukarimu.