Swali la Bungeni Huanzia Kazini

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Mara nyingi nasikia watu wakisema, "Mbunge wetu yuko kimya." Leo nataka kuwauliza: je, sisi tumempa nini cha kusema?

Mwezi wa Machi 1957, Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Walikuwa 8 tu, na wa Nairobi alikuwa Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyi kazi. Watu 8 hawawezi kuishinda Serikali kwa kura. Silaha yao ilikuwa kusema na kuuliza.

Swali si hotuba. Mjumbe huliandika, na Spika akilikubali hutiwa katika orodha ya shughuli. Jibu hutolewa mbele ya wote, na maneno yote huandikwa katika Hansard. Jibu likiwa na kasoro, mjumbe huongeza swali jingine. Hapo ndipo mjibuji hutoka jasho, ikiwa muulizaji ana habari kamili.

Tazameni mambo ya Hola. Tarehe 3 Machi 1959 watu 11 waliokuwa kizuizini walikufa. Serikali ikatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Lakini madaktari walipochunguza maiti, walikuta majeraha ya kupigwa. Wabunge kule London, kama Barbara Castle, walishikilia kuuliza, hata mwezi wa Julai jambo hilo likajadiliwa usiku wa manane. Hadithi ya maji haikusimama. Kilichoiangusha si ukali wa maneno, bali ushahidi.

Siku hizi mawaziri wa Kenya si wabunge. Hata hivyo, Katiba ya 2010, kifungu cha 153, yamlazimu Waziri kufika mbele ya kamati ya Bunge akiitwa, na kujibu. Tena kifungu cha 119 champa kila mtu haki ya kupeleka ombi lake Bungeni.

Mimi mwenyewe zamani nilikatwa fedha za akiba ya uzeeni kila mwezi, na nilipouliza nikaambiwa hazikufika. Nikamwendea mbunge kwa hasira. Akaniuliza, "Ni miezi gani? Mko wangapi? Karatasi za mshahara ziko wapi?" Nilikuwa nimezitupa. Nikarudi nyumbani kama nilivyokwenda.

Basi, ndugu zangu, tuziweke karatasi zetu. Maji yakikatika mtaani, andikeni tarehe. Zahanati ikikosa dawa, andikeni ni dawa gani na kwa siku ngapi. Mpeni katibu wa tawi, naye apeleke kwa mbunge barua moja yenye majina yetu sote. Kisha tulifuate jibu. Waziri akisema, "Jambo hilo linashughulikiwa," mbunge na aulize: litakwisha lini, na fedha zake zimetengwa kiasi gani?

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza: kuuliza mikono mitupu ni kujichosha bure.