Ng'ombe Aliyevimba Kidari: Tutafute Chanzo

 

Leo tumtazame ng'ombe wa maziwa aliyeacha kula ghafla. Maziwa yamepungua, mgongo ameupinda, viwiko vya mbele amevitanua, na kuteremka mlima hataki. Baada ya siku kadhaa kidari kinavimba, na mshipa wa shingo unatuna kama kamba. Jirani atakwambia, "Huyo ana minyoo tu." Lakini wewe usikimbilie dawa. Tafuta chanzo kwanza.

Je, amemeza waya au msumari? Ng'ombe hachambui chakula kwa midomo kama mbuzi. Humeza kwanza, akacheua baadaye. Chuma hukaa katika tumbo la pili, lile lenye vyumba kama sega la nyuki. Kati ya tumbo hilo na moyo kuna kiwambo chembamba tu. Tumbo likijikaza, waya hutoboa mpaka ukafika kwenye mfuko unaofunika moyo. Usaha hujaa humo na kuubana moyo. Minya mgongo wake nyuma ya mabega: ng'ombe mzima hubonyea chini, mwenye waya hukataa, tena huguna.

Je, ni kupe? Ugonjwa wa maji moyo nao hujaza maji kwenye mfuko huo. Lakini huo huja kwa kasi: homa kali, kunyanyua miguu juu, kuzunguka, kisha kuanguka. Kinga yake ni kuogesha mifugo.

Je, ni kifua kikuu? Hicho huja polepole, ng'ombe akikonda na kukohoa. Kwa hiyo maziwa yachemshwe siku zote.

Na ile minyoo ya jirani? Huvimbisha chini ya taya, lakini mshipa wa shingo hautuni.

Sasa basi, mwite bwana mifugo mapema. Waya ukiwa bado tumboni, huweza kutolewa kwa upasuaji, au kuzuiwa kwa sumaku anayomezeshwa ng'ombe. Usaha ukishauzunguka moyo, kupona ni nadra sana.

Kwa hiyo leo jioni, kabla hujamwaga majani, kagua hori. Kama ni la tairi kuukuu, angalia nyaya zilizochomoza. Okota misumari, na waya wa kufungia majani usiuache zizini. Kipande kifupi kama kidole chaweza kukumalizia ng'ombe anayesomesha watoto.