Kuusoma Mwendo: Grafu ya Treni ya Jane na Finch

Mada yetu ni somo ambalo wengi waliopita sekondari walikutana nalo katika kurasa za mwanzo za kitabu cha fizikia: namna mwendo wa kitu unavyopimwa na kuchorwa katika grafu. Wengi walilisoma ili kufaulu mtihani, kisha wakaliacha darasani. Leo tutalichukua hadi barabarani, katika kitongoji kimoja cha jiji la Toronto, nchini Kanada, ambako swali la mwendo limegusa maisha ya watu ya kila siku.

Kitongoji hicho hujulikana kwa jina la njia panda yake, Jane na Finch. Kiko kaskazini magharibi mwa jiji, jirani na Chuo Kikuu cha York. Maghorofa yake mengi yalijengwa katika miaka ya 1960 na 1970, na ndani yake wamekaa watu waliotoka Karibiani, Asia, Amerika ya Kusini na Afrika. Wengi wao hutegemea usafiri wa umma kwenda kazini, shuleni na hospitali. Kwa hiyo, ujenzi wa reli ya treni nyepesi katika barabara ya Finch ulipoanza mwaka 2019, wakazi walivumilia vumbi, kelele na msongamano wakitumaini kwamba mwisho wa yote safari zao zingekuwa fupi zaidi.

Treni hiyo ilianza kubeba abiria tarehe 7 Desemba 2025. Reli yake ina urefu wa kilometa 10.3 na vituo 18, kuanzia kituo cha Finch West hadi chuo cha Humber, na kituo kimojawapo kiko pale pale kwenye njia panda ya Jane na Finch. Lakini furaha ya uzinduzi haikudumu. Katika siku za mwanzo vyombo vya habari vya Toronto viliripoti kwamba safari kutoka mwanzo hadi mwisho wa reli ilichukua takriban dakika 55. Mkimbiaji mmoja alishindana na treni hiyo kwa miguu, naye akafika kabla yake. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini abiria anayechelewa kazini ana haki ya kuuliza baraka ya kuchelewa iko wapi.

Hebu basi tuanze na hesabu ya kwanza kabisa ya somo hili. Gawanya umbali kwa muda. Kilometa 10.3 ukizigawanya kwa dakika 55, utapata mwendo wa wastani wa kilometa 11 hivi kwa saa. Ili kupata picha, tumkumbuke marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya. Mwezi Oktoba mwaka 2023, mjini Chicago, alikimbia mbio za marathoni kwa saa 2 na sekunde 35, rekodi ya dunia wakati huo. Wastani wake ulikuwa kilometa 21 kwa saa, karibu mara mbili ya treni ile.

Hata hivyo, wastani una tabia ya kuficha mambo. Kiptum hakukimbia kwa mwendo ule ule tangu mwanzo. Nusu ya kwanza ya mbio aliimaliza kwa dakika 60 na sekunde 48, na nusu ya pili kwa dakika 59 na sekunde 47. Alizidi kuongeza mwendo wakati wenzake walipokuwa wakichoka, na siri hiyo haionekani katika namba moja ya wastani. Vivyo hivyo kwa treni. Kusema kwamba ilikwenda kilometa 11 kwa saa hakutuelezi kama ilijikokota njia nzima, au ilikwenda vizuri kisha ikasimama mara kwa mara. Hapo ndipo grafu inapohitajika.

Kuichora si kazi ngumu. Abiria achukue saa na daftari, na kila nusu dakika aandike treni imefika umbali gani kutoka ilipoanzia. Kisha achore mihimili miwili: mlalo kwa ajili ya muda, wima kwa ajili ya umbali. Aweke nukta zake na kuziunganisha. Mstari unapopanda wima sana, treni inakwenda kasi. Unapolala kidogo, inakwenda taratibu. Na unapokuwa bapa kama meza, saa inaendelea kuhesabu lakini treni imesimama.

Sasa fikirini treni mbili zinazoondoka pamoja na kufika pamoja. Mstari wa ya kwanza unapanda polepole bila kukatika. Mstari wa ya pili unafanana na ngazi: unapanda ghafla, unalala, unapanda tena. Wastani wao ni mmoja, lakini ugonjwa wao si mmoja. Ya kwanza inahitaji kuruhusiwa kwenda kasi zaidi. Ya pili inahitaji kupunguziwa vituo, au muda wa kusimama vituoni, au muda wa kungoja kwenye taa za barabarani. Asiyeiona grafu anaweza kuitibu treni ya pili kwa dawa ya treni ya kwanza.

Inafaa hapa kutaja kosa linalowapata wanafunzi wengi, wa Afrika na wa Marekani pia. Mwaka 1987 mtaalamu wa ufundishaji wa fizikia, Lillian McDermott wa Chuo Kikuu cha Washington, pamoja na wenzake, walieleza jinsi wanafunzi wanavyotatizwa na grafu za mwendo. Wengine huiangalia grafu kana kwamba ni picha ya barabara, hata mstari ukipanda wakadhani gari limepanda mlima. Wengine huchanganya kimo cha mstari na mwinamo wake, wakidhani kitu kilicho juu zaidi kwenye grafu ndicho chenye kasi zaidi. La hasha. Kimo kinatuambia kitu kiko wapi, na mwinamo unatuambia kinakwendaje.

Ili kuondoa utata huo, walimu hutumia vifaa. Waliosoma fizikia Afrika Mashariki huenda wanakumbuka kigari kinachovuta utepe wa karatasi chini ya kifaa kinachogonga nukta. Kifaa hicho hufuata mapigo ya umeme, ambayo kwetu ni 50 kwa sekunde, hivyo kutoka nukta moja hadi nyingine ni sehemu ya 50 ya sekunde. Nchini Kanada mapigo ya umeme ni 60. Nukta zikisongamana, kigari kilikwenda taratibu. Zikizidi kuachana, kilikuwa kinaongeza mwendo. Siku hizi shule zenye uwezo hutumia kifaa kinachotoa sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu na kungoja mwangwi wake, kama afanyavyo popo gizani. Mwanafunzi hutembea mbele yake na kuiona grafu ya hatua zake mwenyewe ikijichora kwenye kompyuta.

Ipo pia grafu ya pili, ambayo mhimili wake wa wima ni mwendokasi badala ya umbali. Uzuri wake ni kwamba eneo lililo chini ya mstari ndilo umbali uliosafiriwa. Tuichukue tena treni ya Finch. Vituo 18 vina nafasi 17 katikati yake, na kilometa 10.3 zikigawanywa kwa 17 tunapata takriban mita 600 kutoka kituo hadi kituo. Tuseme treni inaondoka na kuongeza mwendo kwa mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde. Hicho ndicho wataalamu wa Kiswahili hukiita mchapuko. Baada ya sekunde 10 imefikia mita 10 kwa sekunde, yaani kilometa 36 kwa saa. Mstari wake umechora pembetatu, na eneo la pembetatu hiyo ni mita 50. Kusimama kwake kuwe vivyo hivyo, sekunde 10 na mita 50 nyingine. Zinabaki mita 500, zinazochukua sekunde 50. Jumla ni sekunde 70. Tuongeze nusu dakika ya kushusha na kupakia abiria, tupate sekunde 100 kwa kila nafasi.

Zidisheni kwa 17, na safari nzima itakuwa dakika 28 hivi. Nasisitiza kwamba treni hii ni ya kwenye karatasi: haikutani na taa nyekundu wala theluji. Lakini kumbukeni kwamba hatukuipa mbio za ajabu. Kilometa 36 kwa saa ni mwendo wa kawaida kabisa mjini. Kati ya dakika zetu 28 na zile 55 zilizoripotiwa pana tofauti ya dakika 27. Dakika hizo zilikwenda wapi? Zilipotea kwenye taa, vituoni, au katika mwendo wa kujikokota baina ya vituo? Swali hili halijibiwi kwa kukasirika wala kwa kutetea. Hujibiwa kwa saa, daftari na grafu, na yeyote anayepanda treni hiyo anaweza kulijibu.

Wakazi walilalamika, na malalamiko yao yalisikika. Mwezi huo huo wa Desemba 2025 Baraza la Jiji la Toronto lilitaka hatua zichukuliwe kuiharakisha treni, ikiwemo kuipa kipaumbele zaidi kwenye taa za barabarani. Kwa lugha ya somo letu, madiwani walitaka sehemu bapa za grafu zifupishwe.

Lakini liko swali jingine, na kwa maoni yangu ni zito kuliko treni. Ni nani anayefundishwa kuisoma grafu hiyo? Kwa miaka mingi shule za jimbo la Ontario ziliwagawa wanafunzi wa darasa la 9 katika mikondo: wa kitaaluma kwa wanaoelekea chuo kikuu, na wa vitendo kwa wengine. Fizikia ya darasa la 11, inayofungua mlango wa uhandisi na udaktari, ilimtaka mwanafunzi awe amepita sayansi ya mkondo wa kitaaluma. Mwaka 2017 Profesa Carl James wa Chuo Kikuu cha York, chuo hicho hicho kilicho jirani na Jane na Finch, alitoa ripoti kuhusu wanafunzi weusi wa Toronto na viunga vyake. Ilionyesha kwamba katika shule za umma za Toronto, asilimia 53 ya wanafunzi weusi walikuwa katika mkondo wa kitaaluma, ikilinganishwa na asilimia 81 ya wanafunzi wazungu.

Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka 14 aliweza kupangiwa njia ambayo haikufika kwenye ukurasa wa grafu za mwendo. Jimbo lilifuta mgawanyo huo kwa hesabu za darasa la 9 mwaka 2021, na kwa masomo mengine ya darasa hilo mwaka 2022. Hiyo ni hatua ya maana. Hata hivyo, mlango uliofunguliwa unahitaji mwalimu na vifaa ndani yake, na mzazi anayejua kuuliza mwanawe amepangwa wapi. Wazazi wetu waliohamia ughaibuni wasilione jambo hili kuwa la wenyeji peke yao.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati moja katika somo hili. Neno mwendokasi, ambalo mwalimu wa fizikia huliandika ubaoni, ndilo wakazi wa Dar es Salaam walilowapa mabasi yao yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016. Abiria anayengoja basi Kimara anajua, bila kufundishwa, tofauti kati ya mwendokasi ulioandikwa na mwendokasi unaopimwa. Basi juma hili, ukipanda daladala, matatu au treni ya Toronto, jaribu: andika muda kila ufikapo kituo, kisha chora. Utaijua safari yako kwa namna ambayo dereva na mwenye kampuni hawawezi kuibisha.