Mstari Uliochorwa Juu ya Maji

Msikilizaji, ukifika soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, asubuhi, simama pale magunia ya dagaa yanapopangwa, usikilize. Utasikia Kisukuma, Kijita, Kikerewe na Kihaya. Utasikia Kijaluo cha Rorya na Kijaluo cha Kisumu. Halafu atapita mnunuzi anayeongea Kiswahili cha Kongo. Huyo amefuata kayabo, yaani sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa. Atashika pande moja kwa mikono miwili, alikunje kidogo, alinuse, alirudishe, achukue jingine. Anatafuta lililokauka mpaka ndani, maana safari ni ndefu na pande moja lenye unyevu litaharibu gunia zima. Wakipatana bei, mshonaji anafunga gunia kwa sindano ndefu, na kuli analitupa begani kulipeleka kwenye lori.

Soko hilo linalijua Ziwa Victoria kuliko sera zetu zinavyolijua. Watu wa Kirumba wanaishi katikati ya eneo moja kubwa lenye watu wengi na biashara nyingi. Serikali zetu tatu, za Tanzania, Kenya na Uganda, zimeligeuza ziwa hilohilo kuwa uzio wa nyuma ya nyumba, mahali ambapo kila mwenye nyumba amepageuzia mgongo.

Tulitazame kwanza ziwa lenyewe. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 68,800. Jumlisha Rwanda na Burundi, bado ziwa linazizidi. Karibu nusu ya maji hayo iko Tanzania, Uganda ina sehemu kubwa ya iliyobaki, na Kenya ina takriban asilimia 6 tu. Lakini pamoja na upana wote huo, ziwa halina kina kirefu. Mahali penye kina kuliko pote ni kama mita 80, wakati Ziwa Tanganyika linazidi mita 1,400. Wanasayansi waliochunguza tope la chini wanatuambia kwamba miaka kama 15,000 iliyopita lilikauka, kisha likajaa upya.

Maji yake mengi, takriban asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Na mvua hiyo ina saa zake. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka pande zote za pwani kuelekea katikati, unakutana huko, hewa inapanda na radi zinaanza. Saa hizohizo ndizo za wavuvi wa dagaa, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mvuvi wa Ukara na mvuvi wa visiwa vya Ssese kule Uganda wanapigwa na dhoruba za namna moja, na wote wawili wanastahili kupata utabiri wa hali ya hewa kwenye simu kabla hawajasukuma mtumbwi majini.

Zamani watu walilitumia ziwa kama njia kuu. Makabaka wa Buganda walikuwa na kundi kubwa la mitumbwi ya mbao zilizoshonwa, na mitumbwi hiyo ilisafiri hadi pwani hii ya kusini. Misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ilitoka Tabora, ikafika huku Usukuma, ikavuka kwenda Buganda kwa maji. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 pamoja na msaidizi wake, Sidi Mubarak Bombay, akaamini kwamba ameona chanzo cha Nile. Mpelelezi mwingine, Henry Morton Stanley, alipofika Kageye, mashariki ya mji wetu, mwaka 1875, alimkuta mfanyabiashara aitwaye Songoro ambaye tayari alikuwa anaunda jahazi la kusafiria ziwani. Kwa Songoro hapa palikuwa mahali pa kazi, na ng'ambo palikuwa na wateja.

Kisha wakaja watu wa rula. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari utoke Mto Umba pwani ya Bahari ya Hindi, ufike ziwani kwenye digrii moja kusini ya ikweta. Mwaka 1890 wakauendeleza magharibi, moja kwa moja juu ya maji hadi ng'ambo. Hakuna mvuvi aliyeulizwa. Wakuria wakajikuta wengine Tarime, wengine Kenya. Wajaluo wakagawanywa. Hata Kisumu tunayoijua leo kuwa ya Kenya ilikuwa Uganda hadi mwaka 1902. Reli iliyotoka Mombasa na kufika pale Desemba 1901 iliitwa Reli ya Uganda, na ilipofika Kisumu ilikuwa kweli imefika Uganda. Miezi michache baadaye Waingereza wakahamisha jimbo zima kutoka himaya moja kwenda nyingine.

Mstari huo ulikuja kumwaga damu. Upande wa magharibi wa ziwa haukufuata Mto Kagera, kwa hiyo kipande cha nchi kikabaki kaskazini ya mto huku kikiwa ni cha Tanzania. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia humo, Amin akatangaza kwamba mpaka sasa ni mto, na daraja la Kyaka likavunjwa. Wazee wengi wa Kanda ya Ziwa wanaonisikiliza wanakumbuka jinsi vijana walivyoondoka mitaani mwao kwenda vitani. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na wako ambao hawakurudi. Napenda wanafunzi wetu wafundishwe kwamba vita ile ilikuwa pia juu ya mstari ambao hakuna babu yao aliyeuchora.

Mwaka mmoja kabla ya vita hiyo, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikuwa imevunjika, na shirika la pamoja lililoendesha reli na meli likavunjika nalo. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na leo tuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao Kisumu, na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa mwaka 1994, lenye makao Jinja. Naziheshimu taasisi hizo. Samaki wenyewe walituonyesha kwa nini zinahitajika. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 kutoka upande wa kaskazini, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa Mwanza, amejenga viwanda na amemaliza aina nyingi sana za furu ambazo hatutaziona tena. Gugumaji nalo likateremka na Mto Kagera kutoka Rwanda, likaziba mialo ya nchi zote tatu. Uamuzi wa upande mmoja unamfikia kila mtu.

Lakini kusimamia samaki pamoja hakutoshi kama watu wenyewe hawawezi kuvuka. Mama wa Kirumba anayepeleka dagaa Kisumu anapakia lori, anazunguka kupitia Bunda na Tarime hadi Sirari. Anayekwenda Kampala anazunguka ziwa kwa upande mwingine, Bukoba hadi Mutukula. Anazunguka maji ambayo Songoro aliyavuka.

Nayasema haya nikijua ninazungumza na watu wa Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikielekea bandari yetu, na mamia ya watu wakafa. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, wakafa watu 228. Hakuna familia mjini hapa iliyo mbali na misiba hiyo. Ndiyo maana sidai meli yoyote tu. Nadai meli isiyozidisha abiria hata mmoja, yenye maboya ya kila mtu, inayokaguliwa kabla ya kila safari na mtu mwenye mamlaka ya kuizuia.

Meli ipo. MV Mwanza, iliyoundwa hapahapa na kushushwa majini Februari 2023, ina nafasi ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Kinachotakiwa ni ratiba ya kila wiki ya Mwanza, Musoma, Kisumu na Port Bell, tiketi moja, na maofisa wa forodha na uhamiaji wa nchi tatu wanaokubali kumalizana na abiria bandarini bila kumrusha dirisha hadi dirisha. Wabunge wetu wa Kanda ya Ziwa, na wale tuliowapeleka Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha, waulizwe kila wanaporudi nyumbani: safari ya kwanza ya ratiba hiyo inaondoka Mwanza tarehe ngapi?