Kutangaza Kwanza au Kusajili Kwanza?

Mtafiti kijana akibuni dawa mpya ya viwavijeshi, hamu yake ya kwanza ni kupanda jukwaani aitangaze. Mtego uko hapo. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi kumiliki uvumbuzi wake, hutolewa kwa kitu kipya tu. Ulaya, ukishakianika hadharani kabla ya kuomba, haki hiyo kwa kawaida umeipoteza. Kenya na Marekani humwachia mvumbuzi miezi 12 ya kuomba baada ya kutangaza.

Lakini sikiliza upande wa pili. Hataza yaweza kudumu miaka 20, na kuitunza kuna ada, ambazo mshahara wa mtafiti anayeanza, tuseme kweli, hauzimudu. Basi mara nyingi chuo ndicho kinachosajili. Na utafiti wa chuo cha umma hulipiwa kwa kodi, ya mkulima ikiwemo. Je, mkulima huyo auziwe dawa kwa bei ya nani?