Mdaiwa Naye Asikilizwe

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali.)



Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa. Sikuja hapa kuupinga usemi huo. Aliyekopa kwa hiari yake na kupokea fedha hana budi kuzirudisha. Lakini kabla ya kunywa dawa, mgonjwa ana haki ya kujua ugonjwa wake. Vivyo hivyo, mdaiwa ana haki ya kujua anadaiwa na nani, kiasi gani, kwa mkataba upi, na kama alichokwisha kulipa kimehesabiwa.

Sote tunaifahamu mikopo ambayo wananchi wameiita "kausha damu". Hata baadhi yetu, watu wa kalamu na mshahara, tumepata kukabidhi kadi zetu za benki kwa wakopeshaji. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, inayomtaka mkopeshaji awe na leseni. Hata hivyo, sheria humkinga vyema yule anayeijua.

Tazameni yanayompata mnyonge anaposhtakiwa. Anapokea wito wa mahakama, anaingiwa na hofu, anauficha chini ya godoro. Katika kesi ya kawaida ya madai kwenye mahakama ya wilaya na zilizo juu yake, mdaiwa hupewa siku 21 kuwasilisha utetezi wa maandishi. Siku hizo zikipita kimya, Mahakama yaweza kusikiliza upande mmoja na kutoa hukumu. Mtu huyo hakukosa la kusema, bali alikosa wa kumsaidia kulisema.

Na ya kusema yapo. Anayedai ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha. Kwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, dai litokanalo na mkataba lina ukomo wa miaka 6. Mdaiwa aweza kuonyesha stakabadhi za malipo, au kukiri deni na kuiomba Mahakama imruhusu kulipa kwa awamu. Hata baada ya hukumu, dalali hawezi kuingia nyumbani kwa mtu bila amri ya Mahakama, na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inazikinga nguo, vyombo vya kupikia, vitanda, zana za fundi na jembe la mkulima. Fundi akinyang'anywa cherehani, atalipa deni kwa kitu gani?

Wako wasemao kwamba kumsaidia mdaiwa ni kuwalea wakwepaji. Hoja hiyo haina msingi. Mkopeshaji mwaminifu hapotezi kitu kwa kutakiwa kuonyesha hesabu zake. Anayeogopa hesabu ni yule aliyeandika laki tano mahali alipotoa laki mbili. Katiba yetu, katika ibara ya 107A, inazitaka Mahakama zitende haki bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi. Haki hiyo itapatikanaje ikiwa upande mmoja una wakili na mwingine hauelewi hata karatasi iliyo mkononi mwake?

Serikali imefungua njia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua watoa msaada wa kisheria bila malipo kwa wasio na uwezo, pamoja na wasaidizi wa kisheria. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya Mahakama. Mwaka 2023 ikazinduliwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia. Msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kama wakili. Lakini aweza kumweleza mwananchi maana ya wito, siku alizo nazo, na mahali pa kwenda.

Ndugu zangu, kijijini na mtaani, karatasi ngumu huletwa kwa mwalimu au kwa mtendaji. Basi tukiletewa wito, tuusome kwa sauti, tuhesabu siku pamoja na mwenyewe, tumhimize akusanye stakabadhi zake zote, kisha tumfikishe kwa msaidizi wa kisheria kabla muda haujapita. Tusimfundishe kukimbia deni. Tumfundishe kufika mahakamani. Deni la haki litalipwa, na la dhuluma litajulikana.